Wageni wa Vuli katika Hori la Mida



Watu wa pwani tangu kale huhesabu mwaka kwa pepo. Kusi ikilegea huja demani. Demani ikiisha pepo huwa za tanga mbili, hazijui ziendako. Kisha, Novemba ikielekea ukingoni, kaskazi hushika. Mzee yeyote wa Lamu, Malindi au Mombasa aliyeziwahi zama za majahazi aweza kuwasimulia jinsi pepo hizo zilivyowaleta mabaharia wa Arabuni, wa Ghuba na wa Bara Hindi. Siku hizi majahazi ya masafa hayo yamepungua mno. Lakini wako wasafiri wengine ambao walikuwa wakiifuata njia hiyo kabla mtu yeyote hajapasua mbao ya kuundia chombo, nao mpaka leo hawajaiacha. Wasafiri hao ni ndege.

Kuanzia mwezi wa Agosti, baridi inapoanza kurudi katika nchi za kaskazini ya dunia, ndege wa pwani kwa maelfu huja kukaa nasi mpaka Aprili. Na ifikapo Novemba, mvua za vuli zikiwa zimelowesha ardhi, vipanga nao huja, wengine kwa kukata bahari kuu. Wengi wetu twapita chini yao kila mwaka tukienda sokoni na mashambani, wala hatuinui kichwa. Twapenda basi kuwaeleza siku moja tuliyowatazama pamoja na watoto wa chuo chetu, ili kila nyumba yenye watoto ijue kwamba jambo hili halihitaji fedha nyingi wala elimu kubwa.

Kuchagua Siku

Tulikwenda Alhamisi moja ya mwisho wa Novemba, siku ambayo vyuo vya kizamani hufungwa, na skuli za serikali nazo zilikuwa katika likizo. Hatukuichagua kwa kubahatisha. Ndege wa pwani hula wakati wa maji kupwa, na kupwa hufuata mwezi. Siku hiyo ilikuwa mwezi 16 kwa hesabu yetu ya Kiislamu, yaani bamvua. Siku kama hizo bahari hupwa sana kiasi cha saa nne za asubuhi, na kujaa kabisa kiasi cha saa kumi za jioni. Mtoto aliyefundishwa kuhesabu mwandamo wa mwezi kwa ajili ya saumu na sikukuu, kumbe amekwisha kufundishwa na nusu ya elimu ya mvuvi.

Tulikuwa watoto kumi na wawili, wavulana na wasichana, pamoja na mama mmoja mzazi na sisi wenyewe. Tulipanda matatu kutoka Malindi, tukapita Gede, kiasi cha kilomita 16, ambako magofu ya mji wa kale na msikiti wake mkuu yamesimama ndani ya msitu. Kisha tukashuka mbele kidogo, penye njia iendayo Mida. Upande mmoja wa barabara hiyo uko msitu wa Arabuko-Sokoke, ambao katika misitu mikavu ya pwani ya Afrika Mashariki iliyosalia ndio mkubwa kupita yote. Upande wa pili liko hori la Mida, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu na kuzungukwa na mikoko. Hori hili ni sehemu ya hifadhi ya bahari ya Watamu, iliyowekwa mwaka 1968.

Alitupokea kijana mwongozaji, mwenyeji wa hapo hapo. Akatupitisha juu ya daraja la kuning'inia, la kamba na mbao, lipitalo katikati ya mikoko mpaka kwenye kibanda cha kuchungulia ndege. Wavulana walilitikisa makusudi, wasichana wakawakemea. Ada inayolipwa hapo husaidia karo ya wanafunzi wa skuli za sekondari watokao katika nyumba zinazopakana na msitu na hori. Mpango huo ulianzishwa mwaka 2001 na shirika la A Rocha Kenya, nalo ni shirika la Wakristo. Twalitaja kwa sababu jema likifanywa na jirani hapana budi lishukuriwe.

Tambarare za Tope

Saa tatu na nusu bahari ilikuwa imekwenda mbali. Mbele yetu palikuwa na tambarare za mchanga na tope, na mara ya kwanza watoto waliona tope tu. “Maalim, ndege wenyewe wako wapi?” akauliza mmoja. Mwongozaji akacheka, akampa darubini. Tulikuwa na darubini tatu kwa watu wote, kwa hiyo kila mmoja alingoja zamu yake, na kungoja huko nako kulikuwa ni mafunzo.

Aliyetazama alipiga ukelele. Tope lote lilikuwa likitembea! Walikuwako kitwitwi wa kila namna, wakubwa kwa wadogo, wakikimbia na kusimama, wakichoma midomo topeni kama cherehani ichomavyo nguo. Walikuwako sululu wenye midomo mirefu iliyopinda, wakivuta kaa katika mashimo yao. Walikuwako wengine wa kijivu, wanene kidogo, wenye macho meusi makubwa, ambao kifua na tumbo lao huwa jeusi kabisa wawapo kwao kaskazini wakati wa kutaga, na wafikapo kwetu huwa wamekwisha kubadili vazi.

Mdogo kupita wote ni kitwitwi mmoja ambaye uzito wake haufiki gramu 30. Ukimweka kiganjani hutamhisi sana. Ndege huyu hutaga katika nchi za barafu za kaskazini kabisa, ambako katikati ya kiangazi jua halitui. Kutoka huko mpaka Mida ni maelfu ya kilomita, na chombo chake ni mbawa mbili ambazo kila moja ni fupi kuliko kalamu yako.

Hapo mwongozaji alitueleza jambo lililotushangaza kuliko yote. Yuko kitwitwi mwenye mdomo uliopinda kidogo kwenda chini, azaliwaye Siberia. Wazazi wake hutangulia kuondoka, na watoto hubaki nyuma. Majuma kadhaa baadaye watoto hao, ambao hawajapata kuiona Afrika, huondoka peke yao bila baba wala mama wa kuwaongoza, nao hufika. Msichana mmoja aliyehifadhi Sura ya Al-Mulk akakumbuka kwamba ndani yake wametajwa ndege wanaokunjua na kukunja mbawa zao angani, wala hapana awashikaye ila Mwingi wa Rehema. Hatukuwa na la kuongeza.

Ndege Mla Kaa na Mtoto Wake

Kisha mwongozaji akatuonyesha kundi la ndege weupe wenye migongo myeusi na miguu mirefu ya rangi ya majivu, mdomo wao mnene kama koleo. Hao ndio walao kaa, na Mida ni mojawapo ya mahali panapojulikana sana kwa ndege hao katika pwani ya Kenya. Kwao ni kando ya bahari za Somalia, Omani, Ghuba na Bahari ya Shamu. Huko huchimba mashimo marefu mchangani, na ndani kabisa jike hutaga yai moja tu, jeupe. Jua linalopiga mchanga juu ya shimo husaidia kulipa yai joto, hata wazazi huweza kuliacha kwa muda wakaenda kutafuta chakula.

Tukiwa tunawatazama, ndege mmoja wa kijivu zaidi kuliko wenzake aliinama, akawa anamfuata mkubwa mmoja kila aendako, huku akilia. Mkubwa akakamata kaa, akamvunja miguu, akampa. “Huyo ni mtoto,” akasema mwongozaji. “Amesafiri na mzazi wake kutoka huko, na mpaka sasa analishwa.” Watoto wakacheka sana, na mama aliyekuwa pamoja nasi akasema, “Huyu ni kama mwanangu.”

Tazameni, enyi wazazi. Wa Siberia huachwa aende peke yake akafika salama. Wa Omani huongozwa na kulishwa miezi mingi, naye akafika salama. Kila mmoja amepewa malezi yanayomfaa. Nasi tulio na watoto wa tabia mbalimbali katika nyumba moja, mmoja wa kuachiwa na mwingine wa kushikwa mkono, yafaa tulifikiri jambo hili kabla ya kumfananisha ndugu na nduguye.

Maji Yajaa

Tuliswali Adhuhuri kivulini juu ya mikeka, tukala mahamri kwa mbaazi. Kufika saa nane maji yalikuwa yanaingia kwa kasi, na kila yalivyoingia ndivyo ndege walivyosukumwa kutujia. Huu ndio wakati mzuri kupita yote, kwa maana mtu hana haja ya kuwafuata. Bahari ndiyo inayomletea. Baada ya muda walikuwa karibu nasi hata tuliona miguu yao bila darubini. Wengine miguuni walikuwa na pete. Kwa miaka mingi watafiti wamekuwa wakiwanasa ndege wa Mida kwa nyavu nyembamba, kuwapima, kuwavika pete na kuwaachia, ili ijulikane waendako na umri wanaoishi.

Hapo ndipo mvulana mmoja wa miaka kumi na mitatu, ambaye asubuhi nzima hakusema neno, alipotuuliza: “Maalim, nyama ya kitwitwi ni haramu?”

Swali hilo halikuwa la mchezo. Babake ni mvuvi, na samaki wamekuwa haba. Kijana huyu na nduguye hutega tanzi ufuoni, na siku ambayo ngalawa imerudi mtupu, ndege hao ndio kitoweo cha nyumba. Watoto wengine walinyamaza. Wengi walikuwa wakilijua jambo hilo.

Hatukumdanganya. Tulimwambia kwamba kitwitwi, akichinjwa kwa sharia, nyama yake si haramu. Kipanga mwenye makucha ya kurarulia ndiye asiyeliwa. Lakini si kila kilicho halali kwa asili yake huwa halali kukitwaa mahali popote na kwa namna yoyote. Sheria ya wanyama wa mwitu ya Kenya ya mwaka 2013 inakataza kuwinda, na mkaazi wa nchi hufungwa na sheria zake. Tena tukamwambia hali ya ndege wenyewe. Mwezi wa Oktoba 2024 wataalamu wanaotunza orodha ya dunia ya viumbe vilivyomo hatarini walitangaza kwamba ndege wa pwani wa aina nyingi wamepungua. Miongoni mwao ni yule wa kijivu tuliyemwona asubuhi na yule wa Siberia ajaye bila wazazi.

“Nimefahamu, Maalim,” akasema. “Lakini siku ya mtupu tutakula nini?”

Alikuwako mzee mvuvi aliyekaa karibu akitengeneza wavu wake. Tulikuwa tumekwisha kuamkiana naye. Akasema: “Mjukuu wangu, swali lako ni la haki. Lakini ukitaka kujua kwa nini ngalawa hurudi mtupu, usimtazame ndege, mtazame huyu.” Akagusa mzizi wa mkoko. Akaeleza kwamba kamba, kaa na samaki wengi huanza maisha yao humu miziziñi, wangali wadogo kama punje, kwa kuwa samaki wakubwa hawawezi kuwaingilia. Mkoko ukikatwa ovyo, mchu ukikatwa, mkandaa ukikatwa, watoto wa samaki hukosa nyumba. “Ndege hawa,” akasema, “hufuata tope lenye uhai. Siku utakayoona hawaji, jua kwamba tope limekufa, na wewe na baba yako hamtakuwa na pa kuvua.”

Mwongozaji naye akaongeza kwamba nyumba za hapo zilizopata karo ya watoto zimeipata kwa sababu wageni huja kuwatazama ndege hao hao wakiwa hai. Kijana akasema atamweleza babake, lakini hajui atamjibu nini. Nasi hatukumbana zaidi. Njaa haijibiwi kwa wa'adhi peke yake. Na tuliporudi, wazee wachache wa mtaa waliambiwa habari ya nyumba ile, kwa siri na kwa heshima, kama ipasavyo.

Vipanga Waliokata Bahari

Baada ya Alasiri hori lilikuwa limejaa, na ndege wa pwani wamekwenda kupumzika. Tukarudi upande wa barabara, penye mashamba yanayopakana na msitu. Usiku uliotangulia mvua ilikuwa imenyesha, na jioni hiyo kumbikumbi walianza kutoka ardhini kama moshi. Watoto walikuwa tayari kuwaokota, maana kumbikumbi wa kukaanga kila mtu wa huku anamjua. Lakini walitanguliwa.

Kutoka kaskazini mashariki walikuja vipanga wadogo, ukubwa wao kama njiwa, wenye mbawa ndefu za ncha kali. Kwanza watano, kisha ishirini, kisha tukaacha kuhesabu. Madume ni ya rangi ya risasi, chini ya bawa meupe, na mapaja yenye wekundu wa udongo. Miguu yao ni myekundu. Majike yana madoa kifuani. Walikamata kumbikumbi kwa mguu, wakawala papo hapo hewani bila kutua.

Hawa hutaga katika nchi za mto Amur, mto ambao kwa masafa marefu ni mpaka wa Urusi na Uchina. Wakiondoka huko hupitia kaskazini mashariki ya Bara Hindi, wakanenepa kwa kula wadudu, kisha huikata bahari mpaka pwani ya Afrika, masafa kama kilomita 3,000, mchana na usiku bila pa kutua. Husaidiwa na pepo zile zile zilizowasaidia mabaharia. Mwaka 2009 mtaalamu mmoja akaaye visiwa vya Maldives, Charles Anderson, alitoa maoni kwamba kereng'ende nao huvuka bahari hiyo kwa majira hayo, na kwamba huenda wakawa chakula cha ndege safarini. Kutoka kwetu vipanga hawa huendelea mpaka kusini mwa Afrika, na mwezi wa Aprili huanza kurudi. Safari yao ya mwaka mzima hupita kilomita 20,000.

Tulipokuwa tumekaa tukiwatazama, tuliwasimulia watoto habari ya Nagaland, jimbo la Bara Hindi lenye milima, ambako vipanga hawa hupumzika kwa wingi mno kando ya bwawa la Doyang. Watu wa vijiji vya huko, ambao nao si matajiri, walikuwa wakitundika nyavu za uvuvi kwenye miti wanapolala ndege. Mwaka 2012 habari zao zilienea duniani: ilikadiriwa kwamba katika siku chache tu waliuawa vipanga zaidi ya 100,000, wakauzwa masokoni. Watu wakahuzunika, lakini serikali, mabaraza ya vijiji na wachungaji wa makanisa hawakuishia kuhuzunika. Walikaa na wawindaji wenyewe, wakazungumza, wakakubaliana. Mwaka wa pili, 2013, nyavu hazikutundikwa. Mwaka huo huo vipanga watatu walivishwa vyombo vidogo vya kupeleka ishara, wakapewa majina ya huko: Naga, Wokha na Pangti. Na jina Pangti ni jina la kijiji ambacho watu wake walikuwa wakiwatega.

Yule kijana wa tanzi akauliza, “Na wawindaji walikula nini?” Tukamwambia kwamba kwa baadhi yao jambo hilo lilikuwa zito, kwa maana walipoteza chumo la msimu, na kwamba wengine waligeuka kuwa walinzi na waongozaji wa wageni wanaokuja kutazama. Akawa anatazama juu kwa muda mrefu. Kisha akaomba darubini, na zamu hiyo hakuna aliyemharakisha.

Neno kwa Wazazi na Vijana

Twafikiri kuwa jambo lililofanyika Nagaland latuhusu sisi tulio na mimbari, vyuo na mabaraza ya mtaa. Hapana aliyewashinda watu wale kwa bunduki. Waliambiwa na watu wanaowaamini, katika lugha yao, na wakapewa nafasi ya kusema shida yao. Mtoto wetu anayepiga ndege kwa manati bila haja ya kumla, akamwacha afe, aambiwe wazi kwamba dini yetu imekataza kumfanya kiumbe mwenye roho kuwa shabaha ya mchezo. Na mtoto atoaye tanzi kwa sababu ya njaa, huyo asitukanwe. Iangaliwe kwanza nyumba yao.

Mwenye kutaka kwenda Mida na jamaa zake, na achague siku za bamvua kati ya Oktoba na Machi, afike maji yakiwa yamekupwa, angoje yajae. Achukue maji ya kunywa, kofia, mkeka, na nguo zisizong'aa. Watoto wafundishwe kunyamaza na kutowarushia ndege mawe ili waruke, kwa kuwa kila kurukishwa humpunguzia ndege mafuta ya safari yake. Kama hakuna darubini, maji yakijaa macho yatatosha. Na kwa ajili ya vipanga, angojee jioni iliyofuata mvua, mwisho wa Novemba au Desemba, mahali penye kumbikumbi, ainue kichwa.

Wala si lazima afike Mida. Pwani yetu ina tope na mchanga pengi, kutoka Lamu mpaka Mtwara, na ndege hawa hawachagui mji. Atakayewaona na awaandike: tarehe, mahali, idadi, na hali ya maji. Watoto wetu siku hiyo waliandika aina kumi na saba, wengine kwa majina waliyoyabuni wenyewe, na daftari hilo sasa liko chuoni, linangojea vuli ijayo.